Trekta Haliruki Lenyewe

Shemeji yangu walimwita Cheche, na jina hilo alilipenda kuliko lile alilopewa na mama yake. Alilipata kwa kuwasha trekta kwa bisibisi. Watu wengine huwasha trekta kwa kupanda, kukaa kitini, kukanyaga klachi na kuzungusha ufunguo, kama waliolitengeneza walivyokusudia. Yeye alisimama chini, ubavuni, kati ya gurudumu la mbele na la nyuma. Aliingiza mkono pembeni mwa injini, akagusisha bisibisi kwenye vichwa viwili vya shaba vya stata, ile mota inayoamsha injini, cheche zikaruka, na trekta likaunguruma. Kisha aligeuka kuangalia nani amemwona.

Mimi nilimwona mara nyingi mno. Mimi ni dada mkubwa wa mkewe, fundi cherehani, na wanaonijua wanasema ulimi wangu unakata kuliko mkasi wangu. Sijawahi kuwabishia. Kwa hiyo haya nitakayoyasema kuhusu Cheche yapokeeni kama maneno ya mtu mwenye hasira, lakini si maneno ya uongo. Nilimpenda yule mwanamume, na ndiyo sababu bado sijamaliza kumkasirikia.

Alianza kazi akiwa utingo wa trekta kwenye shamba kubwa la mtu mmoja tajiri. Baba yake alikuwa fundi baiskeli, na mtoto alikua akishika spana kama watoto wengine wanavyoshika mpira. Dereva wa shamba lile alikuwa mlevi, basi kila dereva alipolala chini ya tela, utingo alipanda kitini. Akajifunza hivyo, kwa usingizi wa mwenzake. Mwenye shamba alipozeeka na kuuza vyombo vyake, lilibaki trekta moja kuukuu ambalo hakuna aliyelitaka. Rangi ilishatoka yote, kiti kimechanika. Cheche akalichukua, akalisugua, akalitia mafuta, akaanza kulimia watu.

Ndivyo alivyofika kwetu. Alikuja kulima shamba la baba, akamwona mdogo wangu akipeleka maji ya kunywa, na kazi ikaingia mdudu. Leo plau limelegea, kesho mafuta yameingia uchafu, keshokutwa anasema upande ule haukulimika vizuri, lazima arudie. Shamba la baba lililimwa mara mbili mwaka ule, na mwisho baba akamwambia, "Kijana, udongo umeshakuwa unga. Kama una neno, sema." Alikuwa nalo, akalisema, na tukala harusi.

Mdogo wangu ni mtu wa maneno machache. Mama alikuwa anasema kwamba maneno yangu nilichukua na yake nikachukua. Lakini mikono yake haikukaa bure. Mwaka wa kwanza wa ndoa alijifunza kufunga plau, wa pili akajifunza kuendesha, na baada ya hapo wateja wakaanza kuomba walimiwe na mke, siyo mume, maana mistari yake ilinyooka kama mshono wa cherehani. Cheche hakuona wivu. Alitangaza yeye mwenyewe: "Mimi ni wa kuwasha tu, wa kulima ni mke wangu." Walikuwa wawili wanaofanya kazi ya mtu mmoja na nusu, wakicheka muda wote uliobaki. Walizaa, wakasomesha, watoto wakakua na kwenda kutafuta maisha yao mbali. Wao wakabaki na trekta.

Sasa nieleze ubovu wa lile trekta, maana bila hiyo hamtanielewa.

Kwanza ilikuwa breki ya mkono. Ilichoka, ikawa inashika ikitaka. Na banda lao liko mahali penye mteremko. Kwa hiyo kila jioni walipoegesha, waliliacha trekta kwenye gia ili lisiteleze, na mbele ya gurudumu la nyuma wakatia jiwe. Wazo zuri tu. Kila mwenye chombo kizee na mteremko hufanya hivyo.

Kisha, msimu mmoja wa mvua, ikafa swichi. Kuna swichi ndogo karibu na gia, kazi yake ni kukataa. Kama gia imeingia, hata uzungushe ufunguo mpaka uvunjike, swichi inanyamaza kabisa: umeme haufiki kwenye stata, trekta haliwaki. Ni mpaka gia iwe huru. Ilipoingia maji ikaoza, ikawa inakataa siku zote, gia iwe imo au haimo. Mtu mwingine angeibadilisha. Cheche aliona ni rahisi zaidi kuachana na ufunguo. Ukigusisha bisibisi moja kwa moja kwenye stata, umeme unaruka ile swichi juu kwa juu, haumuulizi mtu habari za gia.

Alinieleza mwenyewe, amekaa kwenye benchi la chumba changu cha ushonaji, anakunywa chai yangu, tena kwa fahari. "Ile swichi ni mlinzi tu, shem. Sasa mlinzi mwenyewe kalala, utamwamsha wa nini? Unapitia dirishani."

"Wanaopitia dirishani," nikamwambia, "wanaitwa wezi."

Alicheka mpaka akamwaga chai. Mdogo wangu naye akacheka. Mbaya zaidi ni kwamba lilikuwa jambo la kuchekesha kweli.

Basi hapo ndipo mambo mawili yalipokutana, na kila moja lilikuwa na sababu yake. Trekta lilale kwenye gia kwa sababu breki haishiki. Trekta liwashwe kwa bisibisi kwa sababu swichi imekufa. Ukiyaweka pamoja unapata chombo kinachowaka huku kimeshaingia gia, na mwenye kukiwasha amesimama chini, hakuna mtu kitini. Walilijua hilo. Kwa hiyo walikuwa na utaratibu wao: mke anapanda kwanza, anatoa gia, anautikisa mti wa gia kulia na kushoto kuhakikisha uko huru, anakanyaga breki ya mguu, kisha anainua mkono. Mume akiuona mkono, ndipo anagusa. Jiwe huondolewa mwisho, injini ikiwa imeshawaka na mguu uko kwenye breki. Miaka na miaka walifanya hivyo na hakuna aliyechubuka hata kidole. Mazoea yana taabu, wazee walisema, na wala hawakuwa na trekta.

Nilimwambia Cheche alitengeneze. Mkewe alimwambia. Hata muuza maziwa, jirani yao, ambaye hajui tofauti ya stata na sufuria, alimwambia. Jibu lilikuwa moja: "Nikipata nafasi." Na nafasi haikupatikana, kwa sababu msimu wa kulima kuna kulima, na msimu usio wa kulima trekta limelala, nani anamsumbua aliyelala?

Siku yenyewe ilikuwa ya mawingu. Mvua ya usiku ilikuwa imepita na nyingine inakuja, na kikundi cha wakulima kilikuwa kimesimama bandani kikisubiri kulimiwa kabla udongo haujawa tope. Mimi sikuwepo. Nimeyapata kwa mdogo wangu na kwa muuza maziwa, na kwa sababu hadithi zao mbili zinalingana, naziamini. Wale wakulima walikuwa wanamtania Cheche. Mmoja akasema lile trekta lingepewa fimbo ya kutembelea. Mwingine akasema lisukumwe tu mpaka shambani, litakuwa limelima njiani. Cheche akasema, "Ngojeni muone," akachomoa bisibisi mfukoni, akazunguka upande wa stata.

Mdogo wangu alikuwa upande wa pili, anaenda kupanda. Akaona jiwe limezama kwenye tope. Akafikiri kwamba likiachwa mpaka mwisho, litagoma kutoka na watu wanasubiri, afadhali alilegeze kwanza. Akainama mbele ya gurudumu la nyuma, akalishika jiwe kwa mikono miwili.

Cheche hakungoja mkono. Aligusa.

Trekta lilikuwa kwenye gia. Liliruka mbele na likawaka humo humo kwenye kuruka, na gurudumu kubwa likampanda mdogo wangu mguuni mpaka nyongani. Muuza maziwa anasema hakusikia kelele ya mtu, alisikia kelele ya injini tu. Cheche alipoona watu wanashika vichwa ndipo alipojua. Aliliwahi likitembea, akapanda, akakanyaga klachi, akavuta kizimio. Udongo laini ndio uliomwokoa mdogo wangu. Ulididimia, ukammeza nusu, gurudumu likapita juu. Lingekuwa banda la saruji, ningekuwa nasimulia mazishi.

Wazee wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Wamesema uongo, au hawakumaliza. Asiyesikia alikuwa mmoja, na guu lililovunjika lilikuwa la mwingine.

Hospitali alikaa muda mrefu. Paja lilitiwa chuma, nyonga ikaachwa ijiunge yenyewe kwa kulala chali, na goti ndilo lililowasumbua madaktari kuliko vyote, likasafishwa, likafungwa, likafunguliwa, likasafishwa tena. Cheche hakubanduka. Alilala kwenye benchi la nje, aliosha vyombo, alimlisha uji kwa kijiko, alimpepea kwa kipande cha boksi. Wauguzi walimsifu. Hata mimi, niliyefika pale nimebeba matusi ya kutosha ukoo mzima, nilipomwona amekonda vile, na shati lile lile lenye tope, nilijikuta nampa mkate.

Lakini kila aliyefika kumjulia hali mgonjwa aliuliza ilikuwaje, na kila aliyeuliza alijibiwa na Cheche maneno yale yale: "Trekta liliruka." Daktari: trekta liliruka. Watoto kwenye simu: mama yenu ameumia, trekta liliruka. Mzee wetu, baba, ambaye alikuja akitembelea fimbo: "Baba, sijui hata nisemeje, trekta liliruka tu." Na mdogo wangu amelala pale chali, anatazama dari, anasikia.

Alipopewa ruhusa ya kutoka, Cheche alikuwa amekwisha kuandaa nyumba. Alichonga hata ubao wa kupandia mlangoni badala ya ngazi. Mdogo wangu akamwambia muuguzi, "Naomba mnipigie simu dada yangu. Nitakwenda kwake." Mumewe akadhani ni kwa sababu kwangu ni karibu na kliniki. Akasema sawa, tena akanishukuru, masikini.

Nikamwekea kitanda kwenye chumba cha ushonaji, chini ya dirisha, kati ya meza ya kukatia na kabati la vitambaa. Kila baada ya siku kadhaa alikuja mama mmoja wa mazoezi kutoka kliniki, mwanamke mfupi mwenye mikono ya mtu anayekanda unga, akamlaza, akapitisha taulo chini ya wayo, akamwambia avute goti lipinde. Goti halikutaka. Mdogo wangu aliuma kona ya mto, jasho likamtoka, na mama wa mazoezi akamhesabia kwa sauti ya upole kama mtu anayefundisha mtoto kuimba. Walipomaliza wote wawili walikuwa wamelowa. Nikawa nashona huku nimewapa mgongo, na nguo nyingi za wakati ule zilitoka na mshono uliopinda. Wateja walinisamehe.

Akajifunza kusimama. Akajifunza kutembea kwa magongo kutoka kitandani hadi mezani, kutoka mezani hadi mlangoni. Alianguka mara moja akiwa peke yake, na nilipofika nikamkuta sakafuni katikati ya vipande vya vitambaa anacheka, anasema, "Dada, nikate basi, nishone gauni." Nilicheka nikaenda jikoni nikalia. Mama wa mazoezi alituambia ukweli bila kutuzungusha: atatembea, lakini goti lile limefika mwisho wa kupinda. Kuchuchumaa, kupiga magoti, kuokota kitu chini kama watu wengine, asahau.

Cheche alikuja kila Jumapili. Alipiga hodi kama mgeni, akakaa kwenye lile benchi, akauliza hali, akajibiwa. Wakaongea mambo ya watoto, ya mvua, ya bei za mbegu. Kisha maneno yakaisha, na yeye mtu asiyeweza kukaa mikono mitupu akaanza kutafuta cha kutengeneza. Alitengeneza bomba langu lililokuwa linavuja tangu enzi. Alibadilisha waya wa pasi. Alinyoosha bawaba za mlango. Aliifungua cherehani yangu ya zamani, akaipaka mafuta, akaifunga, na haijawahi kwenda vizuri vile. Mwisho hakukuwa na kitu kibovu nyumbani kwangu isipokuwa wao wawili.

Jumapili moja mdogo wangu akamuuliza, kwa upole kabisa, "Baba Watoto, hebu niambie. Siku ile ilikuwaje?"

Nikasimamisha cherehani.

Cheche akasugua viganja magotini. "Si unajua, mke wangu. Trekta liliruka."

"Trekta haliruki lenyewe," mkewe akasema.

Akangoja. Cheche akaangalia mlango alioutengeneza. Akasema labda tope, labda waya ulikuwa umegusana, unajua vyombo vizee. Mdogo wangu akageuza uso dirishani, na siku ile maneno yakaishia hapo.

Cheche alipoondoka nikamwambia mdogo wangu, "Sema unataka nini, nimfuate nimwambie sasa hivi. Nitamkamata kabla hajafika barabarani."

"Usithubutu, dada."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ukimwambia wewe, atakuja kusema maneno yako." Akapanga maneno kama anavyopanga kila kitu. "Mguu nimeshaukubali. Lakini nikirudi kwake hivi hivi, nitakuwa naishi na mtu ambaye trekta limemgonga na yeye. Tutakaa wawili tunalilaumu chuma. Mimi nataka kurudi kwa mtu aliyeligusa. Asiposema, sirudi, dada. Nitazeekea hapa hapa chini ya dirisha lako, kama hutanifukuza."

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba ndoa ile ilikuwa imening'inia kwenye neno moja ambalo mwenyewe hakujua kwamba anadaiwa. Na mimi, mwenye ulimi huu, nikaambiwa niufunge. Sijapata adhabu kubwa kuliko hiyo maishani. Jumapili hadi Jumapili nikamkaribisha chai, nikamkaribisha benchi, na neno liko kwenye meno yangu linawasha.

Siyo kwamba hakujuta. Angekuwa hajuti ningemfukuza kwa ufagio, kazi ingekwisha. Alikuwa amekwisha. Mashavu yaliingia ndani, utani ulimtoka kama mtu aliyevuliwa koti. Kulima aliacha. Muuza maziwa alituambia trekta liko pale pale lilipozimwa, nyasi zimeota mpaka kwenye ekseli, na Cheche hupita akiwa ameangalia upande mwingine. Siku moja nilimkuta nje kwenye bomba, maji yanamwagika bure, amesimama tu.

"Shem," akasema bila kugeuka, "laiti ningejua."

"Ungejua nini?" nikamuuliza.

Nilitoa swali lile kama mtu anayemshikia mwenzake mlango. Ilibidi apite tu. Akafunga bomba, akafuta mikono kwenye suruali, akaniaga. Majuto ni mjukuu, tunasema, lakini huyu mjukuu alikuwa amefika, amekaa sebuleni, na babu bado anajifanya hamjui.

Kisha akaja siku isiyo Jumapili. Amenyoa, amevaa shati safi, na machoni kulikuwa na kitu ambacho sikuwa nimekiona kwa muda mrefu. "Nimelitengeneza," akasema, hata hodi hakumaliza. "Mke wangu, nimelitengeneza trekta. Njoo ulione. Siyo kukaa, kuliona tu. Muuza maziwa yuko nje na gari."

Nilidhani atakataa. Akaomba magongo yake.

Tukaenda polepole, mdogo wangu mbele, mimi nyuma nimekaa kati ya madumu matupu ya maziwa, Cheche amening'inia mlangoni anamwonyesha dereva mashimo kana kwamba mwenzake hakuzaliwa kwenye barabara ile. Bandani nyasi zilikuwa zimefyekwa. Trekta limeoshwa. Mdogo wangu alipoliona alisimama, na niliona mkono wake unakaza kwenye gongo, lakini hakurudi nyuma.

Cheche akaanza kutuonyesha, na kwa muda alikuwa yule Cheche wa zamani. Breki ya mkono mpya: akalisukuma trekta kwa bega mteremkoni, halikutikisika. Juu ya stata alikuwa amefunga kifuniko cha bati kwa skrubu nne, ili mtu yeyote asipate pa kuingiza bisibisi, hata yeye. Kwenye betri ametia swichi kubwa ya kukata umeme wote trekta likilala. Na ile swichi ndogo ya gia, mpya, waya zake zimefungwa vizuri zisiingie maji. "Sasa sikilizeni," akasema. Akapanda, akakaa kitini, akaingiza gia kwa makusudi, akazungusha ufunguo.

Kimya.

"Mnasikia?" Uso wote unang'aa. "Linakataa! Hata uligombeze namna gani, linakataa." Akatoa gia, akakanyaga klachi, akazungusha. Likawaka. Akalizima, akashuka anafuta mikono kwa kitambaa. "Hata asiyejua kitu hawezi kuliwasha vibaya. Kwa hiyo, mke wangu, ukipenda, siyo leo, siku yoyote..."

Mdogo wangu alilizunguka trekta kwa magongo yake. Alikigusa kile kifuniko cha bati, akapitisha kidole kwenye skrubu moja moja. Aliporudi upande wetu akauliza, kama mtu anayeuliza njia, "Ilikuchukua muda gani?"

"Kazi yenyewe?" Cheche akatabasamu. "Aa, siyo kazi. Asubuhi moja tu. Nilianza baada ya chai, na jua halijafika hata hapa kwenye..."

Hakumaliza.

Nimemwona mtu akichomwa na pasi, na nimemwona mtu akipokea habari ya msiba. Sijui hii nifananishe na ipi. Tabasamu lilibaki mdomoni kwa muda baada ya macho kuondoka. Muuza maziwa akaenda kupanga madumu yake ambayo yalikuwa yamepangwa. Nami nikazifikiria asubuhi zote walizokuwa nazo wale wawili, asubuhi za bure, za kukaa kwenye benchi langu kunywa chai na kucheka habari za mlinzi na dirisha. Yoyote kati ya hizo ingetosha. Moja tu.

Cheche akakaa chini. Hakuchagua mahali, akakaa kwenye udongo ubavuni mwa gurudumu.

"Nilijua," akasema.

Akakitazama kile kifuniko cha bati.

"Nilijua gia imo. Si tuliiweka wenyewe jana yake? Nilijua hujapanda, sikuwa nimeuona mkono wako. Wale watu walikuwa wananicheka, nikaona nikikaa kungoja mkono wataendelea kucheka. Sikungoja. Halikuruka, mke wangu. Nililigusa mimi. Nimewaambia watoto uongo, nimemwambia baba uongo, na kila Jumapili nakuja kwako na uongo wangu nakaa nao kwenye benchi." Akajifunika uso kwa mikono yenye grisi. "Asubuhi moja. Mguu wako nimeuuza kwa asubuhi moja."

Mimi nilikuwa nimeyaweka maneno yangu tayari tangu hospitali. Yalikuwa mengi, yamenolewa, na sasa kizuizi kilikuwa kimeondoka. Nikafungua mdomo, na kilichotoka ni, "Twende zetu, mdogo wangu. Umechoka."

Hakuondoka. Alikuwa anamtazama mumewe pale chini. Akasogea hatua, akasogeza gongo pembeni, akajaribu kumfikia, nafikiri alitaka kumshika bega. Goti likagoma palepale linapogomea siku zote. Mkono ukabaki hewani, mbali kidogo na kichwa chake. Akajaribu kutoka upande mwingine, ikawa vilevile. Akajirudisha kwenye magongo, anahema.

"Dada, tangulia," akasema. "Nguo zangu utaniletea kesho."

"Unasema nini wewe?"

"Nguo zangu. Kesho."

Kisha akamgeukia mumewe.

"Na wewe inuka, Baba Watoto. Mimi kuinama ndiyo basi tena."

Akainuka.